Maji ya kunde hayapo dukani

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Mwandishi wa habari, mwanaume mzima, tena Msambaa wa Mponde, anakaa chini kuandika kuhusu faundesheni! Mwanaume na vipodozi wapi na wapi? Cheka tu, ndugu yangu, ila ukimaliza naomba unisikilize. Tangu nimalize chuo nimehudhuria harusi nyingi kuliko mikutano na waandishi wa habari, na karibu kila harusi naona kitu kilekile ambacho watu hukisemea pembeni tu: bibi harusi ana rangi mbili. Uso una rangi yake, shingo ina rangi yake. Uso umepauka kama umepitiwa na jivu, lakini shingo, mabega na mikono vimebaki vilevile kama Mungu alivyomuumba. Tunapiga vigelegele, tunatuza, tunakwenda kula pilau. Kesho yake tunasema "alipendeza", basi, yamekwisha.

Mimi nasema hayajaisha. Nasema hivi: ile rangi isiyokuwepo dukani ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Dada zetu wakikosa chupa inayofanana na ngozi yao, wengi hawasemi kwamba duka lina kasoro. Wanasema ngozi ndiyo yenye kasoro. Na hapo ndipo mkorogo unapopata mlango wa kuingilia.

Kwa wanaume wenzangu ambao mambo haya tunayaona kwa mbali, nieleze kwanza. Faundesheni ni ile rangi ya majimaji au ya krimu inayotangulia kupakwa usoni kabla ya poda, wanja na rangi ya mdomo. Kazi yake ni kuusawazisha uso na kuficha madoa na chunusi. Ikiwa sahihi, haionekani. Mtu akikutazama aseme "leo umeng'ara", asijue ni kwa nini. Ikionekana tu, ujue imekosewa.

Sasa nitoe mfano wa kwetu. Kwa asiyefika, Mponde iko milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, upande wa Bumbuli. Unapandisha mlima kutoka Mombo hadi Soni, halafu unashika njia ya Bumbuli. Ni nchi ya chai. Kiwanda chetu kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kikakaa miaka kimya, kabla ya serikali kukichukua na kuja kufufuliwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Sisi wa kule tunajua uhusiano wa chai na harusi. Jani likiuzika, mahari inatoka, binti anaolewa kwa shangwe, na wapambaji wanapandisha mlima na masanduku yao ya vipodozi.

Binamu yangu aliolewa Desemba moja kwa mtindo huo. Mpambaji alitoka mjini, mji gani sisemi. Alikuwa na chupa tatu za faundesheni. Majina yake ya kigeni ukiyatafsiri ni Pembe ya Ndovu, Mchanga na Asali. Basi. Binamu yangu ni maji ya kunde, tena yaliyokolea. Ndovu tunamjua, mchanga tunao, asali tunakula, lakini hapo hakuna hata kimoja kinachofanana na yule binti. Mpambaji akachukua Asali kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, akapaka, akapigilia poda juu yake. Bibi yetu, mtu wa miaka themanini na ushee, alimtazama mjukuu wake muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Huyu mwana mbona mmempaka unga?"

Watu walicheka mpaka basi. Mpambaji akanuna, akasema ndiyo fasheni. Sherehe ikaendelea. Lakini mimi kilichonigusa hakikuwa siku ile. Wiki tatu baadaye binamu akanipigia simu Dar. Akasema, "Kaka, picha zimetoka. Uso umekaa vizuri, ila shingo imeniaibisha. Naomba unitafutie huko Kariakoo ile krimu ya kung'arisha, nipake shingo na mikono."

Mmesikia hiyo? Hakusema uso ulipakwa rangi isiyo yake. Alisema shingo imemwaibisha! Chupa ya Asali iliyotengenezwa na mtu asiyemjua, kwa ajili ya mtu asiye yeye, ndiyo imekuwa kipimo, na shingo aliyozaliwa nayo ndiyo inatakiwa ibadilishwe ifanane na chupa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, krimu hiyo sinunui. Nitakutafutia chupa ya rangi yako." Akaniuliza kama ipo. Nikamwambia lazima iwepo.

Kazi ikaanza. Kwanza tukajaribu njia ya mkato, anitumie picha kwa simu ili niwaonyeshe wauzaji. Asubuhi barazani alikuwa na rangi moja, mchana chini ya mparachichi rangi nyingine, jioni karibu na taa ya umeme rangi ya tatu. Zote ni yeye! Nikazunguka Kariakoo nikiwa na picha tatu za mtu mmoja kama polisi anayetafuta majambazi watatu. Duka la kwanza, kijana ananiambia, "Kaka, hizo nyeusi hatuleti, hazitoki." Duka la tano, dada ananiambia, "Hizo nyeusi zilikuwepo, zimeisha wiki iliyopita, zinagombewa." Sasa tushike lipi? Hazitoki au zinagombewa? Nadhani jibu ni rahisi: asiyezileta hawezi kujua kama zinatoka.

Kabla sijaendelea, hebu tuwape heshima wazee wetu, maana wao walikuwa na jicho. Kiswahili hakina "mweusi" na "mweupe" tu. Kina mweusi tii, kina maji ya kunde. Umewahi kutafakari hilo neno? Chukua kunde, zichemshe, yamwage yale maji kwenye bakuli jeupe uyatazame. Ni kahawia, lakini ndani yake kuna wekundu. Aliyelitunga neno hilo alikuwa ameitazama ngozi kwa makini. Hakutaja kiasi cha weusi tu, alitaja na ile rangi iliyojificha chini yake. Wapambaji wa leo wanaotoza pesa nzuri wanaiita rangi ya chini, wakaisomea kozi. Mwanamke wa pwani aliyekuwa anachambua kunde aliijua zamani.

Na hiyo rangi ya chini ndiyo siri ya mambo yote. Watu wawili wanaweza kuwa weusi sawasawa, lakini mmoja ngozi yake inavuta kwenye wekundu, mwingine kwenye manjano, na mwingine yuko katikati. Ukimpaka wa manjano chupa ya wekundu, anaonekana kama ameungua jua. Ukimpaka wa wekundu chupa ya manjano, anaonekana mgonjwa. Kwa hiyo hata ukipata chupa nyeusi vya kutosha, kazi haijaisha.

Sasa ule weupe wa jivu unatoka wapi? Hapa naomba nitumie lugha ya kwetu, lugha ya chai. Faundesheni hupata rangi yake hasa kutoka kwenye unga wa madini. Kuna oksidi za chuma, ambazo ni jamaa wa kutu: nyekundu, manjano na nyeusi. Madini ya ukoo huohuo ndiyo yanayoupa udongo wa Usambara wekundu wake. Halafu kuna unga mweupe wa dioksidi ya titani, ambao unafunika vizuri na kung'arisha. Huo unga mweupe ni kama maziwa. Ukiwa na chai ya rangi, ukaimiminia maziwa, huwezi tena kuirudisha kuwa chai ya rangi. Unaweza kuongeza majani mpaka uchoke, itakuwa chai kali ya maziwa tu. Mtengenezaji anayeanza na mchanganyiko wa mtu mweupe, wenye maziwa tele, kisha anatia weusi ili apate "rangi ya Mwafrika", hapati kahawia. Nyeupe ukichanganya na nyeusi unapata kijivu. Ndiyo ile rangi ya bibi harusi wetu. Tena kamera ikimulika kwa flashi, ule unga mweupe unarudisha mwanga, na uso unazidi kupauka pichani. Ili kumpata mtu wa maji ya kunde unapaswa kuanza upya, na chai ya rangi tangu mwanzo.

Msidhani tatizo hili ni la Mponde peke yake. Mnamkumbuka Iman? Msomali, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 pale mpiga picha wa Kimarekani Peter Beard alipomwona. Akaenda New York kuwa mwanamitindo. Ameshasimulia mara nyingi kwamba siku ya kazi yake ya kwanza, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Mwenzake wa kizungu hakuulizwa swali hilo. Akapakwa kilichokuwepo, akajitazama kwenye kioo, akajiona wa kijivu. Tangu hapo akawa ananunua faundesheni mbalimbali, anachanganya mwenyewe, na kujipiga picha za Polaroid aone zinavyotoka. Mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wa rangi zote. Yaani mmoja wa wanawake waliosifiwa sana kwa uzuri duniani alitembea na chupa zake mkobani, kwa sababu sanduku la mpambaji halikumfikiria.

Kabla yake, Chicago, mama mmoja aitwaye Eunice Johnson, mke wa mchapishaji wa jarida la Ebony, alikuwa anaendesha maonyesho ya mavazi yaliyoanza mwaka 1958. Akaona wanamitindo wake weusi wanachanganya faundesheni nyuma ya jukwaa ili wapate rangi zao. Mwaka 1973 kampuni yao ikaanzisha vipodozi vya Fashion Fair. Halafu Septemba 2017 akaja Rihanna na Fenty Beauty, akatoa rangi 40 kwa siku moja. Katika maduka kadhaa rangi zilizowahi kuisha zilikuwa zile nyeusi kabisa. Zile ambazo "hazitoki"! Baada ya hapo makampuni makubwa yaliyokuwa yakisema haiwezekani yakaanza kuongeza rangi kwa kasi. Kumbe iliwezekana siku zote.

Lakini sisi je? Mei 2022 Fenty walipoingia rasmi Afrika, walizindua katika nchi nane: Botswana, Ghana, Kenya, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe. Tanzania haikuwemo. Na hata ingekuwemo, piga hesabu mchuma chai wa Mponde achume kilo ngapi za jani bichi anunue chupa moja. Ndiyo maana nawapa heshima waliojaribu kufanya kazi hii hapa hapa nyumbani. Nairobi, Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty. Dar es Salaam, Shekha Nasser wa Shear Illusions alitoa vipodozi vya LuvTouch Manjano kwa kuzifikiria ngozi zetu. Hao wameonyesha kwamba akili ya kutengeneza rangi zetu tunayo. Kinachokosekana ni chupa hizo kupanda mlima mpaka Soni na Bumbuli.

Na sisi wa magazeti tusijitoe. Picha nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa kizungu, zikiitwa kadi za Shirley. Picha ikimpendeza Shirley, mashine iko sawa. Ilifika miaka ya 1990 ndipo Kodak wakatoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Hata kipimo cha ngozi ambacho madaktari wengi wanakitumia, cha Thomas Fitzpatrick wa mwaka 1975, kilianza na makundi ya ngozi nyeupe tu, kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Ukijua hivyo, huwezi kushangaa kwamba picha za binamu yangu zilinipa watu watatu. Ila siku hizi kadi ya Shirley haipo, na bado nimeona vyumba vya habari vikiongeza mwanga kwenye sura ya mrembo wa ukurasa wa mbele mpaka mama yake asimtambue. Hiyo tunaifanya wenyewe, kwa mikono yetu.

Turudi kwenye mkorogo, maana huko ndiko uhai wa mtu uliko. Mwaka 2003 tulipata sheria ya chakula, dawa na vipodozi, ikaundwa TFDA, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vikapigwa marufuku. Mwaka 2019 TFDA ikawa TMDA, na kazi ya vipodozi ikahamia TBS. Dunia nayo ina Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki. Kuanzia mwaka 2020 ulikataza vipodozi vilivyozidi sehemu moja ya zebaki kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 hata hicho kidogo kiondoke. Karatasi zipo. Lakini nenda kwenye gulio lolote la milimani, utakuta vikopo vimepangwa karibu na sabuni za kufulia. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi iwe na madoa meusi ya bluu yasiyotoka. Krimu zenye steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, mtu akijikwaruza kidogo anachubuka.

Mwaka 2011 mtafiti Kelly Lewis na wenzake walichapisha utafiti baada ya kuwahoji wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Sababu walizotoa zilikuwa nyingi: kuondoa chunusi, kulainisha ngozi, kuwa weupe, kumpendeza mume au mchumba, kuwafurahisha marafiki. Ila iko moja iliyonishtua. Wengine walijichubua ili kuficha madhara ya kujichubua. Umeona mtego huo? Ukishaanza ngozi inakuwa mabaka, na dawa ya mabaka ni kopo lilelile. Binamu yangu angeanza na shingo. Shingo ingepata rangi yake, mikono ikabaki. Angepaka mikono, vifundo vya vidole vingekataa. Angefika wapi?

Najua hoja za upande wa pili. Kwanza watasema mwenye duka ni mfanyabiashara, analeta kinachonunuliwa, na wateja wenyewe wanataka weupe. Kuna ukweli hapo, siukatai. Nimewaona dada zetu wakichagua kwa makusudi chupa iliyowazidi weupe hatua mbili. Lakini mtu aliyewekewa Pembe ya Ndovu, Mchanga na Asali hajachagua weupe, amechagua kati ya weupe watatu. Mwekeeni na ya kwake kwanza, halafu ndiyo mseme anapenda nini. Pili watasema ni uhuru wa mtu, uso ni wake. Sawa kabisa. Anayetaka kujipaka dhahabu ajipake. Mimi namzungumzia yule anayetaka kufanana na yeye mwenyewe siku ya harusi yake na anakosa. Huyo uhuru wake uko wapi? Tatu, watasema mwanamke mwema hahitaji vipodozi, hayo ni mambo ya kizungu. Hapo nacheka. Wanja, hina na liwa vililetwa na mzungu gani? Bibi zetu wa pwani walijipamba kabla ya meli ya kwanza ya Wareno. Kujipamba hakukuwa kuona aibu ya rangi yako.

Haya, tufanye nini? Nianze na wewe unayenunua, maana nimejifunza mengi katika ule mzunguko wa Kariakoo, na dada mmoja wa duka alikuwa mwalimu mzuri.

Usipime faundesheni kwenye kiganja wala mgongo wa mkono. Mkono wako haufanani na uso wako. Pima kwenye taya, chora mistari mitatu ya chupa tatu kuelekea shingoni. Ule mstari unaopotea ndio wako. Toka nje ya duka uutazame kwa mwanga wa jua, maana taa za dukani ni waongo wakubwa. Kisha subiri. Kiwandani Mponde jani likishasagwa halikaushwi papo hapo, linaachwa lipigwe na hewa mpaka rangi igeuke kutoka kijani iwe ya shaba. Faundesheni nyingi nazo hubadilika zikishakaa usoni, huwa nyeusi kidogo. Nunua sabuni, zunguka robo saa, rudi ujitazame upya.

Kama paji la uso na mashavu yako yana rangi tofauti, usiogope, ngozi zetu nyingi ziko hivyo. Mchuma chai aliyeshinda juani na kilemba kichwani ana rangi moja chini ya kilemba na nyingine shavuni, na jua la milimani lina nguvu kuliko baridi yake inavyokudanganya. Fuata shingo na kifua, maana ndivyo vitakavyoonekana pamoja na uso. Ukikuta rangi yako iko katikati ya chupa mbili, nunueni wawili mgawane, muwe mnachanganya, kama Iman. Na usifuate jina la chupa. Majina yametungwa na watu ambao hawajawahi kuona kunde.

Kwa bibi harusi mtarajiwa: kabla ya kutoa malipo ya awali, mwambie mpambaji afungue sanduku. Kama chupa zote ni za maziwa, mshukuru na utafute mwingine. Fanyeni jaribio siku kadhaa kabla, mpigwe picha kwa flashi, muone jivu kama lipo. Unakagua ukumbi, unaonja pilau ya mpishi. Uso wako unashindwaje?

Kwa wapambaji na wenye maduka ya Lushoto, Soni, Korogwe na kwingineko: leteni chupa mbili tu za rangi nyeusi, moja ya wekundu na moja ya manjano. Mbili tu. Wekeni mbele, sio nyuma ya kopo la mafuta ya nywele. Mkiona hazitoki baada ya msimu mmoja wa harusi, nitawaamini.

Na wanaume wenzangu, mliocheka mwanzoni, na nyinyi mna deni. Nani anayesema kijiweni "nimepata mtoto mweupe huyo"? Nani anayemtania dada yake kwamba akizima taa haonekani? Binti anasikia hayo tangu akiwa darasa la pili, halafu akifika miaka ishirini mnashangaa anatafuta kopo. Kopo hilo tumelifungua sisi kwa midomo yetu.

Chupa ya binamu yangu niliipata duka la saba. Niliituma kwa basi la Lushoto, ikapokelewa Soni. Siku ya pili akanitumia ujumbe mfupi: "Kaka, nimepaka. Mbona kama sijapaka?"

Nikamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Naomba kutoa hoja.